Nyumba ya Vyumba 52 Isiyokuwa na Mama



Juma hili nimepewa ukurasa wa familia, nami nimeamua kuandika juu ya nyumba. Tangu mvua zianze, kila tunapokutana kuhesabu akiba tunamaliza kwa mazungumzo ya nyumba: nani mabati yake yamechukuliwa na upepo, nani ziwa limemsogelea hadi mlangoni, nani ameambiwa na mashemeji afunge vitu vyake kabla matanga hayajaisha. Hilo la mwisho ndilo linanikaa rohoni, na nitalifikia. Lakini nitapita njia ndefu kidogo, kupitia Kenya na Uingereza. Kazi yangu ni ualimu, na darasani nimeona kwamba jambo linalouma hutazamwa vizuri zaidi likianzia mbali.

Dada yangu mkubwa ameolewa Nakuru, nchini Kenya. Likizo kubwa moja nilienda kumsalimu pamoja na binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa darasa la tano. Tulipanda hadi Mahagi, tukavuka mpaka pale Goli, tukashika basi ya Kampala, na kesho yake basi nyingine ikatufikisha Nakuru tukiwa na miguu iliyovimba. Siku ya tatu shemeji akasema, "Mwalimu, wewe unapenda historia, twende nikuonyeshe nyumba ya mzungu aliyekataa wanawake." Mimi na dada tukacheka, tukavaa vitenge vyetu vizuri, tukaenda.

Nyumba hiyo inaitwa Kasri ya Lord Egerton. Inasimama nje ya mji wa Nakuru, upande wa Njoro, katikati ya bustani yenye miti mirefu. Ni jumba la mawe ya kuchongwa, lenye vyumba 52. Ukiingia unakuta ukumbi mkubwa wa kudansi, na ndani yake kinanda cha mabomba kama vile vya makanisa makubwa. Kuna ngazi pana, kuta zilizofunikwa kwa mbao, na meko ya kuotea moto, kwa maana kule juu baridi ni kali. Binti yangu alianza kuhesabu vyumba kwa vidole, alipofika thelathini akachoka. Akaniuliza, "Mama, watoto wao walikuwa wangapi?" Nikamjibu, "Hakuwa na hata mmoja." Alinyamaza, kisha akauliza swali la pili: "Sasa nani alikuwa anafagia?"

Maswali hayo mawili ya mtoto ndiyo yaliyonifanya nitafute na kusoma habari za nyumba za namna hii. Nawaletea niliyoyapata.

Mwenye nyumba aliitwa Maurice Egerton. Alizaliwa 1874 katika ukoo wa matajiri wa Uingereza, akawa Lord Egerton wa nne baada ya baba yake kufa 1920. Alikuwa mtu wa kupenda mashine. Mwaka 1910 alikuwa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kupewa cheti cha kuendesha ndege. Kwao alirithi jumba kubwa linaloitwa Tatton Park, katika jimbo la Cheshire. Katika miaka ya 1920 akahamia Kenya, akapata mashamba makubwa sana huko Njoro, wakati ule ambapo serikali ya kikoloni iliwagawia wazungu ardhi nzuri za milimani. Kasri alianza kuijenga 1938. Vita vya pili vya dunia vikaichelewesha kazi, ikaisha 1954. Miaka kumi na sita! Na yeye akafa mwezi wa kwanza 1958. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi aliifurahia nyumba yake ikiwa kamili.

Kuhusu wanawake, watu wa Nakuru husimulia hivi. Wanasema Bwana Egerton alimpenda mwanamke wa ukoo mkubwa wa Ulaya. Akamjengea nyumba ya kwanza, mwanamke akaitazama akasema ni ndogo kama banda la kuku. Akamjengea kasri, mwanamke akaja tena, akasema hiyo ni kubwa kama nyumba ya makumbusho, akaenda zake. Tangu siku hiyo, wanasema, mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga katika shamba lake. Ni hadithi, na kila anayeisimulia huongeza chumvi yake. Lakini la hakika ni kwamba Maurice Egerton hakuoa, hakuzaa, na cheo cha ukoo wake kikafa pamoja naye.

Nilipowasimulia hayo wamama wa kikundi chetu, mmoja akasema: "Kwani alimwuliza yule mwanamke anataka jiko liwe upande gani?" Tulicheka hadi machozi. Lakini ni swali la maana. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mtu anaweza kujenga kwa kuonyesha watu nje, wakati aliyetakiwa kukaa ndani hakuulizwa neno lolote.

Sasa tuende Uingereza, ilikotoka namna hiyo ya kujenga.

Waingereza wana majumba mengi ya mashambani. Si nyumba za mjini, na nyingi si ngome za vita. Ni majumba ya familia zilizomiliki ardhi, yaliyosimama katikati ya mashamba, na wakulima wa pembeni walilipa kodi kwa mwenye jumba. Kuanzia 1536 hadi 1541 mfalme Henry wa Nane alifunga nyumba za watawa, akachukua ardhi zao, na nyingi zikauzwa kwa matajiri. Ndiyo maana hadi leo majumba kadhaa huko bado yanaitwa abasia ingawa hakuna mtawa anayesali humo. Waliozinunua wakabomoa, wakajenga upya, wakaweka madirisha makubwa ya vioo. Kioo wakati ule kilikuwa ghali sana, kwa hiyo dirisha kubwa lilikuwa njia ya kutangaza fedha. Baadaye serikali yenyewe ikaona hapo pa kuchuma: kuanzia 1696 hadi 1851 ilitoza kodi ya madirisha, na watu wengine wakaziba madirisha yao kwa matofali ili kuipunguza. Wanafunzi wangu waliposikia hivyo walisema afadhali sisi tunalipa kodi ya soko tu.

Majumba hayo yalikuwa na sura mbili. Kwa mbele palikuwa na mlango mkubwa, salo, ukumbi wa kulia chakula, maktaba, picha za mababu ukutani. Kwa nyuma au chini ya ardhi palikuwa na dunia nyingine: jiko, pa kufulia, ghala, na ngazi nyembamba za watumishi. Ngazi hizo zilijengwa kusudi ili mtumishi abebe makaa, maji ya moto na ndoo za uchafu kutoka chumba hadi chumba bila wageni kumwona. Jiko mara nyingi liliwekwa mbali ili harufu na moshi visifike mbele, na chakula kikafika mezani kimeanza kupoa. Hapo binti yangu alipata jibu lake. Waliofagia walikuwepo, tena wengi, na wengi wao walikuwa wasichana waliotoka vijijini. Nyumba ilichorwa kwa namna ya kuwaficha.

Mpango huo tunaujua. Tazameni nyumba za zamani za wakati wa Wabelgiji zilizobaki katika miji yetu ya Ituri: kuta nene, baraza pana mbele, na nyuma ya uwanja jiko peke yake pamoja na boyeri, chumba cha boyi. Mzungu wa Ubelgiji na mzungu wa Uingereza hawakuzungumza lugha moja, lakini mlango wa nyuma walikuwa nao wote wawili.

Na fedha zilitoka wapi? Kwa wengine zilitoka kwa kodi za wakulima, kwa wengine makaa ya mawe, na kwa wengine damu ya watu. Jumba la Harewood, huko Yorkshire, lilijengwa kati ya 1759 na 1771 na ukoo wa Lascelles, ambao utajiri wao ulitokana na sukari ya visiwa vya Karibea, na sukari hiyo ililimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Kwa hiyo anayesema Afrika haikujenga majumba hayo hajasoma ukurasa wote.

Hata ziwa letu limeunganishwa nayo. Mwaka 1864 Mwingereza Samuel Baker alifika ukingo wa mashariki wa ziwa hili, kule ng'ambo, akalipa jina la Albert, mume wa Malkia Victoria aliyekuwa amefariki miaka zaidi ya miwili kabla. Wavuvi wa huku walikuwa na majina yao, lakini hawakuulizwa. Kandokando ya Baker alikuwepo mwanamke, Florence, ambaye alimkuta akiuzwa katika soko la watumwa huko Vidin, mji ulio kando ya mto Danube. Alitembea naye safari yote, akaugua naye, akafika ziwani pamoja naye, na baadaye wakafunga ndoa ya halali huko London. Walipomaliza safari zao walinunua nyumba ya mashambani inayoitwa Sandford Orleigh, karibu na mji wa Newton Abbot, katika jimbo la Devon. Baker alifia humo 1893. Florence akaendelea kukaa katika nyumba hiyo mjane, hadi alipofariki 1916. Miaka zaidi ya 22. Aliyewahi kuuzwa kama mbuzi akazeeka chini ya paa lake mwenyewe.

Msifikiri lakini kwamba wajane wa Uingereza walikuwa na raha zote. Katika familia za majumba hayo, desturi ilikuwa kwamba ardhi na nyumba humwendea mtoto wa kwanza wa kiume. Wasichana walipewa mahari ya kuolewa nayo, wakatoka. Kama hakukuwa na mwana wa kiume, mara nyingi nyumba ilikwenda kwa ami au binamu, hata kama mabinti walizaliwa humo na kulea wazee humo. Baba akifa, mwana mkubwa aliingia na mke wake, na mama aliyeiongoza nyumba hiyo miaka thelathini alihamia nyumba ndogo pembeni ya shamba. Nyumba hiyo ndogo ilikuwa na jina lake kabisa, nyumba ya mjane. Sheria ya zamani ilimpa mjane haki ya theluthi ya ardhi ya mume kwa muda wa uhai wake. Na mwanamke aliyeolewa, mali yake ilihesabiwa kuwa ya mume, hadi sheria ya 1882 ilipomruhusu kumiliki mali kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1882 si zamani sana. Nyanya wa nyanya zetu walikuwa tayari wanalima.

Kuna mjane mmoja wa huko ambaye napenda sana habari zake. Aliitwa Elizabeth, lakini watu wanamkumbuka kwa jina la Bess wa Hardwick. Alizaliwa karibu 1527 katika familia isiyokuwa na mali nyingi. Aliolewa akiwa msichana, mume akafa mapema, na ukoo wa mume ukamnyima theluthi yake. Yule msichana hakulia pembeni akanyamaza. Alikwenda mahakamani, akapigania haki yake hadi akaipata. Aliolewa mara nne, akabaki mjane mara nne, na kila mara alijua mkataba wake unasema nini. Mume wa nne alipofariki 1590, yeye akiwa na miaka zaidi ya sitini, alianza kujenga jumba jipya huko Derbyshire, akiwa na fundi hodari aitwaye Robert Smythson. Likaisha 1597. Lina minara sita, madirisha makubwa kuliko kawaida ya wakati ule, na juu ya minara aliamuru zichongwe kwenye mawe herufi mbili kubwa za jina lake, E na S. Zipo hadi leo, unaziona kutoka mbali. Wakati ambapo wanawake wengine hawakuweza kuandika jina lao kwenye karatasi, yeye aliliandika juu ya paa.

Simsifu kwa utajiri wake, kwa maana naye alikuwa na watumishi wa kutosha. Namtaja kwa sababu ya zile karatasi alizozijua.

Sasa nirudi kwetu, mahali nilipotaka kufika.

Mama yangu mdogo ni mjane wa kijiji kimoja cha pwani. Mume wake alikuwa mvuvi. Nyumba yao waliijenga wote wawili kwa miaka saba: mume alinunua mabati, kipande kwa kipande, kwa fedha za samaki, mama mdogo alichota maji ya matofali, akapika chakula cha wafyatuaji, akauza samaki wa kukausha soko la Panyimur, na misumari yote ya nyumba ile ilitoka katika biashara yake. Mume akafariki. Siku ya tisa ya matanga, ndugu wawili wa marehemu wakamwambia kwamba nyumba ni ya ukoo, na kwamba watakuja kutoa mabati. Watoto walikuwa wanne. Yule mkubwa, msichana, akaacha kwenda shule ili alinde vitu vya ndani mama akiwa sokoni. Mnaona namna paa linavyoweza kumtoa mtoto darasani?

Kilichomwokoa hakikuwa kelele. Kilikuwa ni mambo matatu. Kwanza, ndoa yao ilikuwa imeandikwa katika ofisi ya serikali, na kitabu cha ndoa kilikuwepo, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya mchele. Pili, karatasi ya parsele ilikuwa na majina mawili, la mume na la mke, kwa sababu siku ya kununua marehemu alimwambia mwandishi, "Andika na wa mama watoto." Tatu, wamama wa kikundi chake walikwenda pamoja naye kwa chifu, kumi na wawili, wakakaa kimya kwenye majani hadi neno lake liliposikilizwa. Mashemeji walirudi nyuma. Leo wanakula pamoja sikukuu, na yule msichana amerudi masomoni.

Sheria yetu iko wazi kuliko tunavyodhani. Kode ya familia ya Kongo ni ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, na ilirekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Inasema warithi wa kwanza ni watoto wa marehemu, na haichagui kati ya wavulana na wasichana. Watoto hao wanapata robo tatu za urithi. Na inampa mume au mke aliyebaki haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokuwa wanaishi pamoja na vyombo vya ndani. Hiyo si zawadi ya mashemeji. Lakini sheria haiwezi kutembea yenyewe hadi kijijini. Inatembea kwa karatasi. Ndoa ya mahari peke yake, isiyoandikwa ofisini, inakuacha ukitafuta mashahidi wakati ambapo mashahidi wenyewe ndio wanataka mabati.

Natumaini mnaona sasa kwa nini nilianzia mbali. Mvuvi wa ziwa letu na Lord wa Njoro walijenga wote wawili. Mmoja alijenga vyumba vitatu akamwandika mama watoto kwenye karatasi, na nyumba yake inalea hadi leo. Mwingine alijenga vyumba 52, na hakukuwa na mtoto wa kukimbia katika hata kimoja.

Yafaa lakini niseme na mema yake, maana hakuna mtu wa rangi moja. Mwaka 1939 Egerton alianzisha huko Njoro shule ya kilimo, akatoa eka 740 za ardhi, karibu hekta 300. Mwanzoni ilikuwa kwa vijana wa kizungu peke yao. Mwaka 1958 ikapata eka nyingine 1,100, na haukupita muda mrefu ikafungua milango kwa vijana wa kila rangi. Ilikua, ikawa chuo, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Leo wasichana wanasoma huko wakatoka na diploma za kilimo, ualimu na udaktari. Kasri yenyewe iko chini ya chuo hicho, ni nyumba ya makumbusho, na bustani zake hukodishwa kwa arusi. Siku tuliyofika sisi kulikuwa na bibi arusi wa Kikenya, gauni lake jeupe limejaa ngazi nzima, wanawake wanampigia vigelegele. Dada yangu akaninong'oneza: "Mzee huko aliko anasikia." Tukajiunga, tukapiga na vyetu.

Na yale majumba ya Uingereza yaliishia wapi? Mengi yalianguka. Baada ya vita viwili vikuu, warithi wengi walikuwa wamekufa, kodi ya urithi ilikuwa nzito, na wasichana wa vijijini waliona afadhali kiwanda au ofisi kuliko kubeba ndoo katika ngazi za giza. Watumishi walipoondoka, nyumba zilishindwa kuishi. Zaidi ya majumba elfu moja yalibomolewa katika karne ya 20. Yaliyosalimika, kadhaa yanatunzwa na chama kinachoitwa National Trust, kilichoanzishwa 1895 na watu watatu, mmoja wao mwanamke, Octavia Hill, aliyejulikana kwanza kwa kuwapatia maskini wa London nyumba safi za kupanga. Tatton Park ya Egerton iko mikononi mwa chama hicho, na Hardwick ya Bess pia. Mtu wa kawaida analipa kiingilio, anaingia kwa mlango wa mbele, na siku hizi wanamwonyesha hata jiko na ngazi za watumishi. Watoto hupenda huko chini zaidi kuliko salo.

Niliporudi kutoka Nakuru niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la sita kazi ya nyumbani: chora nyumba yenu, na chini yake andika nani aliijenga. Karibu wote waliandika neno moja: baba. Sikuwasahihisha. Niliwaambia warudi wakaulize: nani alichota maji ya udongo? Nani alisiliba ukuta? Nani alikata majani ya paa, kabla ya mabati? Nani alipika siku ya kuinua miti? Nani anaziba nyufa kila mwaka? Kesho yake ukurasa haukutosha. Mmoja aliandika majina tisa, na la mwisho lilikuwa la nyanya yake ambaye ni kipofu, aliyekuwa anakanyaga udongo kwa miguu huku akishikwa mkono. Mvulana mwingine, mtoto wa fundi, alisimama akasema, "Mwalimu, baba amesema ni kweli, bila mama angekuwa bado anajenga." Darasa lilipiga makofi. Naamini wavulana hao, siku watakapokuwa mashemeji wa mtu, watakumbuka orodha hizo.

Mama anayesoma ukurasa huu, nakuomba ufanye mambo machache kabla ya juma kwisha. Tafuta kitabu chako cha ndoa. Kama hakipo, zungumza na baba watoto kwa upole, siku ameshiba, mwende kuandikisha. Tafuta karatasi ya parsele, utazame majina yaliyomo. Kama ni la mume peke yake, uliza namna ya kuongeza lako mkiwa hai wote wawili na mnapendana, kwa sababu hilo ni jambo la kufanya siku ya furaha. Hakikisha kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa, maana bila hicho mtoto naye hawezi kujieleza mbele ya hakimu. Toa kopi, moja uweke kwa dada au kwa rafiki wa kuaminika anayekaa mlimani, mbali na maji ya ziwa. Ziwa likiingia ndani halichagui kati ya chungu na karatasi.

Wenye waume wakorofi wasione haya kuja kwangu au kwa mama rais wa kikundi. Tutatafuta njia bila kutangaza mambo ya mtu barazani. Na wasiojua kusoma waje Alhamisi saa tisa, baada ya masomo ya watoto, darasa la kwanza mlango wa kushoto. Njooni na karatasi zenu. Tutazisoma moja moja, polepole, hadi kila mama ajue jina lake limeandikwa wapi katika nyumba yake.